Kwibuka: Waliouawa Kigali na Wale Waliobaki Kuwaokoa

[Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka chini ya sauti ya mtangazaji]

MTANGAZAJI: Uliye Mahama na uliye Kiziba, wewe wa Nyarugusu, wa Nakivale, wa Kakuma, wa Dzaleka, na kila kambi redio hii inakofika, karibu. Vuta kigoda. Kama jirani yako betri zake zimekwisha, mwite msikilize pamoja. Leo hatuna habari za mgao wala za kuhakiki kadi. Leo tunakwenda Kigali, kwa sababu tumeingia wiki ya Aprili ambayo Wanyarwanda huwakumbuka watu wao waliouawa mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Kabla sijaendelea, neno moja. Nitataja vifo. Sitasimulia namna watu walivyouawa, maana wengi wenu mnayajua mambo ya namna hiyo kuliko mimi. Hata hivyo, ukisikia moyo unaanza kwenda mbio, au mwili unatetemeka, toka nje upate hewa, au zima kabisa. Hakuna atakayekulaumu. Kipindi hiki mtu atakusimulia kesho.

Neno lenyewe ni kwibuka. Wewe uliyekulia Burundi au Kivu huhitaji nikutafsirie: ni kukumbuka. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili, viongozi, manusura na wageni hukusanyika Gisozi, kilima kinachotazamana na katikati ya jiji ng'ambo ya bonde. Pale ndipo penye makumbusho makuu ya Kigali, yaliyofunguliwa mwaka 2004, na pale wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Mashada ya maua huwekwa juu ya makaburi, kisha huwashwa mwenge. Mwenge ule huachwa uwake kwa siku 100, kwa kuwa mauaji yenyewe yalichukua takriban siku 100, kuanzia Aprili hadi Julai. Kwa wiki nzima bendera hupepea nusu mlingoti, harusi hazifanyiki, na muziki wa baa hunyamaza. Ukiijua Kigali ya Jumamosi jioni, utaelewa ukimya huo ni mzito kiasi gani.

Waliouawa ni wangapi? Umoja wa Mataifa husema zaidi ya 800,000. Serikali ya Rwanda husema zaidi ya milioni 1. Walilengwa kwa sababu walizaliwa Watutsi. Wahutu na wengine waliokataa kushiriki, au waliosimama hadharani kupinga, nao waliuawa. Agathe Uwilingiyimana, Waziri Mkuu, hakuwa Mtutsi. Aliuawa asubuhi ya kwanza kabisa, tarehe 7, na askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa na Umoja wa Mataifa kumlinda waliuawa siku hiyohiyo.

Mtu anaweza kuuliza: baada ya miaka yote hii, bado kuna nini cha kukumbuka? Nitakujibu kwa jambo moja. Mwaka 2018, huko Kabuga, pembezoni mwa Kigali, yaligunduliwa mashimo ya watu waliotupwa mwaka 1994. Juu yake watu walikuwa wamejenga, wanapika, wanalala. Uchimbaji ulipoanza, manusura walikuja kila siku kutazama nguo zilizotolewa ardhini, kama kuna sweta au kanga waliyoijua. Mwezi Mei 2019 mabaki ya watu zaidi ya 84,000 yalizikwa kwa heshima Nyanza ya Kicukiro. Miaka 25 watu hao walikuwa chini ya miguu ya majirani, na kati ya majirani hao wapo waliokuwa wakijua na kunyamaza. Kwa hiyo anayemwambia mfiwa asahau, mara nyingi hajui hata kama marehemu amekwisha kuzikwa.

Sasa nataka tuzungumze juu ya wale waliojaribu kuokoa. Katika Kwibuka hawa nao hutajwa, na mimi naona ni haki, ingawa mbele kidogo nitakueleza kwa nini kuna manusura wanaolisikia jambo hili kwa shingo upande.

Mbaye Diagne alikuwa kapteni kutoka Senegal, mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa, na waangalizi hawakuwa na silaha. Asubuhi ile Waziri Mkuu alipouawa, watoto wake walikuwa wamejificha karibu. Kapteni Mbaye aliwaingiza kwenye gari lake, akawafunika, akawapeleka Hoteli ya Mille Collines, na baadaye wakatoka nchini wakiwa hai. Hakuishia hapo. Wiki baada ya wiki alipita kwenye vizuizi vya barabarani na gari lake, amebeba watu wachachewachache, watatu leo, watano kesho. Silaha yake ilikuwa mdomo. Alikuwa mtu wa mzaha, mrefu, mwenye tabasamu, na kila kizuizi alikuwa na kichekesho chake na sigara za kugawa. Wenye mapanga walicheka, wakampungia apite. Sheria za kazi yake hazikumruhusu kuokoa watu hivyo, na wakubwa wake walijua anachofanya, wakanyamaza. Tarehe 31 Mei 1994 alikuwa anarudi makao makuu ya walinda amani, kombora likaanguka nyuma ya gari lake penye kizuizi. Akafa papo hapo. Hakuna aliyehesabu aliowaokoa, lakini wanaozijua siku zile huzungumzia mamia. Mwaka 2014 Baraza la Usalama liliunda nishani ya ushujaa yenye jina lake, na ya kwanza ilipewa familia yake mwaka 2016.

Nyamirambo je? Wewe uliyepita Kigali unaijua, mtaa wa misikiti na chapati, ambako Kiswahili husikika barabarani. Huko kulikuwa na kituo cha yatima cha familia ya Gisimba, na msimamizi wake mwaka 1994 alikuwa Damas Gisimba. Kituo kilikuwa na watoto wake wa kawaida. Mauaji yalipoanza wakaja wengine, na watu wazima, wengine wamejeruhiwa, mpaka mle ndani mkawa na watu wapatao 400. Hebu piga hesabu ya maji tu. Wewe unajua foleni ya maji ya watu 400 ilivyo, na wewe una bomba. Yeye alikuwa amezungukwa na wanamgambo. Maji aliletewa na Mmarekani mmoja, Carl Wilkens, aliyekuwa akifanya kazi ya misaada Kigali. Wazungu wengi walipoondolewa, Wilkens aliisindikiza familia yake ikaondoka, yeye akabaki.

Siku moja wanamgambo walikizunguka kituo wakiwa na nia ya kumaliza. Wilkens alikimbilia ofisi ya mkuu wa mkoa, na huko akakuta Waziri Mkuu wa serikali ile ya wauaji, Jean Kambanda, amefika. Akamwendea mbele ya watu, akamwomba awaokoe wale yatima. Kambanda akakubali. Watu wale wakahamishiwa kanisa la Saint Michel, wakapona. Kambanda huyohuyo, miaka 4 baadaye, alisimama mbele ya mahakama ya Arusha akakiri kosa la mauaji ya kimbari, akafungwa maisha. Mambo ya wanadamu hayanyooki. Damas Gisimba alifariki mwaka 2023, na waliomlilia ni pamoja na watu wazima wenye watoto wao, ambao mwaka 1994 walikuwa watoto chini ya vitanda vyake.

Shirika la Msalaba Mwekundu nalo halikufunga ofisi. Lilifungua hospitali katikati ya jiji, likiongozwa na Philippe Gaillard wa Uswisi, pamoja na madaktari wa Madaktari Wasio na Mipaka na wafanyakazi wengi wa Kinyarwanda ambao majina yao hayakuandikwa magazetini. Tarehe 14 Aprili gari lao la wagonjwa lilisimamishwa kizuizini, majeruhi wakateremshwa, wakauawa. Kazi ya kubeba majeruhi ikasimama. Shirika likaitangaza habari hiyo dunia nzima, na baada ya hapo magari yakaanza kuruhusiwa kupita tena. Nawataja hasa wale wenyeji, wauguzi, madereva na wapishi. Mgeni alikuwa na pasipoti ya kigeni mfukoni. Dereva Mnyarwanda alikuwa na kitambulisho kinachotaja kabila lake, na kila kizuizi kilikuwa kinauliza kitambulisho hicho.

Na si Kigali tu. Kusini mwa jiji, Ruhango, kulikuwa na mama mmoja mganga wa miti shamba, Zura Karuhimbi. Nyumba yake ilikuwa ndogo, lakini alificha humo na shambani watu zaidi ya 100. Wauaji walipofika alijipaka majani yanayowasha, akawagusa, akatikisa vikuku na vitu vya ndani ya nyumba vikalia, akawaambia mizimu ya nyumba hii itawashukia. Watu wasioogopa kuua wakaogopa mizimu, wakarudi. Alipewa nishani mwaka 2006, akafariki Desemba 2018. Gisenyi, pale mpakani na Goma, Félicité Niyitegeka, mwanamke Mhutu aliyemtumikia Mungu, alikuwa akiwavusha watu kwenda Kongo usiku. Kaka yake, afisa wa jeshi, alimtaka ajiokoe. Akakataa kuwaacha aliowahifadhi, akauawa pamoja nao tarehe 21 Aprili. Leo ni miongoni mwa mashujaa wa taifa.

Kuna waokoaji wengine ambao hawakuokoa uhai wa mtu, lakini mimi nawahesabu. Maiti zilizotupwa mitoni zilichukuliwa na Kagera mpaka Ziwa Viktoria, upande wa Uganda. Wavuvi na wanavijiji wa Kasensero, Lambu na Ggolo waliacha nyavu zao, wakazitoa maiti majini, wakazika. Hawakuwajua. Hawakujua hata lugha yao. Katika maeneo hayo matatu wamezikwa watu zaidi ya 10,000, na mpaka leo Wanyarwanda huenda huko kuweka maua.

[Muziki mfupi]

Nilisema kuna manusura wanaolisikia jambo hili la waokoaji kwa shingo upande. Sababu yao ni nzito. Kicukiro, jijini Kigali, kulikuwa na shule ya ufundi, ETO, ambayo askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamepiga kambi. Watu zaidi ya 2,000 walikimbilia hapo, wakaamini bendera ya buluu. Tarehe 11 Aprili askari wakapewa amri ya kuondoka, wakaondoka. Wapo waliojaribu kuyazuia magari kwa miili yao. Wauaji walikuwa nje wakingoja. Watu wale wakaswagwa hadi Nyanza, na wengi mno wakauawa huko. Siku 10 baadaye Baraza la Usalama likapiga kura kupunguza walinda amani wabaki 270. Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada na naibu wake Henry Anyidoho wa Ghana walibaki na mia chache tu ya watu, wengi Waghana, wakiwalinda maelfu waliojaa uwanja wa Amahoro.

Kwa hiyo manusura wa ETO akisikia sifa za walinda amani, anajiuliza: wapi? Na mwingine anasema hivi: mkiwasifu sana wachache waliookoa, mtafanya ionekane kama nchi nzima iliokoa. Mimi nadhani ana haki ya kusema hivyo. Waokoaji walikuwa wachache, na uchache wao ndio unaoonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Kapteni Mbaye hawezi kutumika kufuta deni la waliompa amri ya kukaa kando. Ndiyo maana kila tarehe 11 Aprili watu hukusanyika Nyanza, wakakesha, na katika hotuba hutajwa yote mawili, walioondoka na waliobaki.

Wanyarwanda wamewapa waokoaji jina: Abarinzi b'igihango. Igihango ni ule undugu wa kuchanjiana damu wa wazee wetu, ambao mtu akiuvunja amejilaani. Abarinzi ni walinzi. Hawa ni watu waliolinda kiapo ambacho hakuna aliyewalisha, kwa jirani ambaye serikali ilisema si mtu. Mtu hapewi jina hilo kwa kujitangaza. Huulizwa wale waliookolewa, na huangaliwa pia asije akawa aliokoa mmoja na kuua mwingine, maana waliofanya hivyo walikuwepo.

Na wako waokoaji wa leo. Ukienda kwenye maombolezo Kigali utaona vijana wamevaa fulana za kujitolea wamesimama pembeni na machela. Wanangoja. Jina likitajwa, au wimbo ukianza, mtu huweza kupiga kelele akidhani wauaji wamerudi. Kwa Kinyarwanda huitwa ihahamuka. Vijana wale hawamshiki kwa nguvu, hawamwambii anyamaze. Humtoa taratibu, humkalisha penye kivuli, humpa maji, huongea naye mpaka ajue yuko wapi na ni mwaka gani. Wengi wao wamejifunza kazi hiyo kwa sababu waliikuta nyumbani. Yatima wa 1994 walipofika chuo kikuu, mwaka 1996, walianzisha chama chao, AERG, wakajigawa katika familia: mmoja anachaguliwa baba, mwingine mama, wote wanafunzi, na ada ikikosekana au mtu akiugua familia hiyo ndiyo inayokutana. Wajane nao, 50, walianzisha AVEGA mwaka 1995.

Niseme pia la kwetu sisi watu wa redio. Mwaka 1994 redio ilikuwa silaha. Kituo cha RTLM kiliwaita Watutsi mende, kikataja majina na mahali watu walipojificha. Waliokiongoza walihukumiwa Arusha mwaka 2003. Kila ninapokaa mbele ya kipaza sauti nalijua hilo, na wewe ulijue pia unapopokea sauti ya simu isiyo na mwenyewe inayokwambia kabila fulani ndilo lenye kosa.

Sasa turudi kwako, maana nawe una wafu wako. Pengine hujazika. Pengine ulikimbia na hukutazama nyuma. Kambi nyingi zina siku zao. Jamaa wa waliouawa Gatumba, kule Burundi, wakimbizi zaidi ya 150 waliouawa usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, hukumbuka kila mwaka popote walipotawanyika. Na penye siku kama hiyo huja swali gumu: kijiji kinachofuata, au hata hema linalofuata, kuna mtu wa upande mwingine. Naye ana wafu. Je, mtakumbuka vipi bila kuwasha moto?

Yapo mambo niliyoyaona yakisaidia. Kwanza, waarifuni mapema kamati ya wakimbizi na uongozi wa kambi, siku na mahali, ili pasiwe na fununu. Kisha tajeni waliokufa kwa majina. Siyo "watu wetu", majina: fulani, fundi cherehani, mtoto wa fulani, wa mtaa fulani. Orodha ya majina huchosha, huchukua saa nzima, na hakuna anayeondoka. Aliyeua atajwe kwa tendo lake, si kwa kabila lake, kwa kuwa kabila lina watoto ambao hawakuwapo. Waiteni wahudumu wa ushauri nasaha wakae karibu, na maji yawepo. Watoto wadogo wasioneshwe picha za maiti kwenye simu. Wasimulieni bibi alikuwa anapenda kupika nini.

Na waokoaji wenu watajwe. Najua wapo. Mama wa kabila jingine aliyekufungia mlango kwa nje akasema hapa hapana mtu. Mvuvi aliyekuvusha bila nauli. Askari aliyegeuza uso. Ukimtaja mtu kama huyo mbele ya jirani wa upande mwingine, jirani naye ataanza kukumbuka wa kwake, na hapo ndipo mazungumzo huwezekana.

Tafuta daftari, la shule linatosha. Ukurasa mmoja kwa kila marehemu: jina, jina la baba na la mama, alikozaliwa, kazi yake, mahali na siku ulipomwona mara ya mwisho. Nyuma ya ukurasa andika aliyekusaidia. Kama hukulijua jina lake, andika sura yake, alivyovaa, alisema nini. Lakini ikiwa mtu huyo bado yuko kule na vita havijakwisha, jina lake usilisome hadharani wala usilitume kwa simu. Linaweza kumfikia asiyestahili kulijua. Liandike, funga daftari ndani ya nailoni mvua isiliharibu, na mwambie mtu mmoja unayemwamini ulikoliweka.

[Muziki unapanda taratibu. Mwisho wa kipindi]